Simba Anayekula Nyasi: Majigambo na Utani wa Wachezaji wa Gemu, Jinja na Mbale

Utangulizi

Wanafunzi wanaosoma kozi ya fasihi simulizi katika vyuo vyetu vya Uganda hufundishwa utanzu wa majigambo. Huambiwa kwamba majigambo, ambayo wataalamu wengine huyaita vivugo, ni tungo za kujisifu ambazo fanani huzitunga mwenyewe na kuzitamba mbele ya watu akieleza ushujaa wake. Hufundishwa pia utani, yaani mazungumzo ya mzaha baina ya watu wenye ruhusa ya kutaniana. Kisha huulizwa katika mtihani wataje sifa tano za majigambo na dhima nne za utani, na wengi wao hupata alama nzuri. Jioni wanafunzi hao hao hushika simu au huketi mbele ya mashine ya gemu mjini, hujiita Simba au Jemadari, hutaniwa na wenzao mpaka machozi ya kicheko yakawatoka, wala hawakumbuki kuwa asubuhi walikuwa wakiandika habari ya jambo lilo hilo.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki majigambo na utani wa wachezaji wa gemu kama tunavyohakiki tungo nyingine yoyote. Tunaanzia nyumbani kwetu, mashariki mwa Uganda, katika miji ya Jinja na Mbale iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Hoja yetu kuu ni fupi: utani mzuri hulijibu jina ambalo mchezaji amejipa, ilhali tusi humrukia mtu aliye nyuma ya jina. Tukiweza kuwafundisha wanafunzi kuitambua tofauti hiyo kwa macho ya mhakiki, tutakuwa tumewafundisha fasihi, na tutakuwa tumewafundisha pia namna ya kuishi na watu.

Tuseme mapema kwamba majina na maneno ya utani yanayotumiwa hapa kama mifano tumeyatunga sisi wenyewe kwa kufuata mtindo wa wachezaji. Tumefanya hivyo ili tusimwanike kijana wa watu aliyekuwa akicheza tu na wenzake. Majina ya mitaa ni ya kweli, lakini Simba na Afande tutakaowataja hawapo.

Mchezo wa zamani na mchezo wa sasa

Gemu za simu hazikuleta utani Jinja wala Mbale. Ziliukuta. Chukua mweso, mchezo wa ubao wenye mashimo 32 na kete 64, unaochezwa Busoga na Buganda tangu zamani, na ambao ni ndugu wa bao la Waswahili wa pwani. Anayeucheza hakai na mpinzani wake peke yao. Wapo watazamaji waliosimama au kuchuchumaa, na watazamaji hao hawanyamazi. Humwonya huyu, humcheka yule, humkumbusha aliyefungwa jana kwamba leo pia kuna siku. Mweso bila watazamaji ni hesabu tu. Wakiwapo, ni tamasha.

Upo pia mchezo wa karata uitwao matatu, unaochezwa kote Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya vijana wa Kampala, Kola Studios, iliutia mchezo huo katika simu, watu wakaweza kuucheza bila pakiti ya karata mkononi. Hapo ndipo jambo linalotuhusu linapojitokeza. Katika gemu zinazochezwa kwa intaneti, mchezaji hamwoni mwenzake. Anachokiona ni wasifu mdogo: jina ambalo mwenzake amejichagulia, picha ndogo, pengine sentensi moja ya kujieleza, na hesabu ya mechi alizoshinda na alizoshindwa. Wachezaji wengine huweza kumtumia maneno mafupi. Mtu mzima, mwenye wazazi na ukoo na karo ya kulipa, amekuwa jina, picha na tarakimu.

Prof. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Tukiutumia mwongozo huo tunaona mara moja kwamba wasifu wa mchezaji una mambo hayo yote. Fanani ni mchezaji anayejitamba. Hadhira ni wachezaji wenzake, tena ni hadhira hai inayojibu. Fani ni majigambo na utani. Mahali ni kibanda cha gemu Walukuba au kiti cha nyuma cha teksi iliyo njiani kupitia Iganga na Tirinyi kuelekea Mbale. Wakati ni pale mechi inapokwisha, kabla ya aliyeshindwa kupata la kusema.

Majigambo yenye hesabu pembeni

Tuchukue mfano wetu wa kwanza. Mchezaji amejiita Simba wa Walukuba. Chini ya jina ameandika: "Nikinguruma, Nile inasimama." Pembeni, gemu yenyewe imeandika kwa uaminifu kuwa amecheza mechi 40 na ameshinda 9.

Wenzake wanamjibu:

"Simba, mbona leo tena umekula nyasi?"

"Tumesikia mngurumo. Kumbe ni tumbo."

"Watu wa Walukuba, fungeni mbuzi bila hofu. Simba yuko salama."

"Nile haijasimama. Imeuliza wewe ni nani."

Mhakiki mwenye haraka atasema hapa hakuna fasihi, ni vijana wanachekana. Sisi tunaomba asome tena polepole. Fanani ametumia sitiari: mimi ni simba. Ameiongezea chuku: mto mkubwa unasimama kwa mngurumo wangu. Ameitia mahali pake, kwa kuwa Nile inatoka ziwani hapo hapo Jinja, na hakuna mkazi wa mji huo asiyejua kwamba maji hayo hayasimami kwa ajili ya mtu. Watani nao hawakuitupa sitiari yake. Wameikubali na kuingia ndani yake. Kama wewe ni simba, basi chakula chako ni nyama. Kwa nini unakula nyasi? Kama unanguruma, basi sauti imetoka wapi? Kama wewe ni simba wa mtaa fulani, basi mbuzi wa mtaa huo wana habari gani? Mtani wa mwisho amempa mto uhai na ulimi, nayo ni tashihisi safi.

Kinachouchochea utani huu ni pengo lililopo kati ya jina na hesabu. Katika majigambo ya zamani, waliokuwapo vitani ndio waliokuwa mashahidi wa fanani. Akizidisha, walimjua, lakini pengine walinyamaza kwa heshima. Katika gemu shahidi ni tarakimu, na tarakimu hazina heshima kwa mtu. Mechi 9 kati ya 40 zimekaa pale pale chini ya neno Simba. Kwa hiyo majigambo ya mchezaji wa gemu yamebeba kinaya tangu kuzaliwa kwake, na hadhira huanza kazi yake kwa kusoma mistari miwili tu: ule aliouandika mwenyewe na ule alioandikiwa.

Wasomaji wetu wa Mbale hawatashangazwa na jambo hili. Katika jadi ya Wagisu, kijana anayejiandaa kwa imbalu hutangaza nia yake hadharani. Katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu ukishafunguliwa Mutoto, vijana hupita kwa jamaa zao wakicheza na kuimba, na umati huwafuata ukiwatia moyo na kuwapima. Aliyetangaza kuwa yu tayari atasimama mbele ya watu, na watu watamwangalia kama atatikisika. Hatusemi kwamba gemu na imbalu vina uzito mmoja. La hasha. Tunasema tu kwamba jamii inayoijua imbalu inajua vizuri sana maana ya neno lililotamkwa mbele ya hadhira kisha likasubiri kuthibitishwa. Kijana wa Mbale anayejiita Simba anajua anajitia katika nini.

Mnyenyekevu mwenye hila

Mfano wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Mchezaji amejiita Bado Najifunza. Hana picha ya mnyama mkali. Ameweka picha ya daftari. Gemu inasema ameshinda mechi 212 na ameshindwa 15.

Wenzake wanamwambia:

"Tutajie mwalimu wako tuhame mapema."

"Siku ukihitimu sisi tutakwenda kulima."

"Mwanafunzi, umenitandika kwa rula gani?"

Hapa fanani ametumia unyenyekevu kama mtego. Mgeni analiona jina, anajipa moyo, anaingia, anafungwa. Utani wa wenzake umegeuka kuwa sifa, kwani kila dhihaka inakiri ushindi wa anayedhihakiwa. Tungo hii ina ufundi zaidi kuliko ya Simba, na sababu yake ni kwamba fanani ameachia hadhira sehemu kubwa ya kazi. Simba amesema kila kitu mwenyewe, akabaki wa kukanushwa. Bado Najifunza amesema kidogo, na waliobaki wamemsifu bila kuombwa.

Tungependa wanafunzi wetu wajadili swali hili: je, tungo ya pili bado ni majigambo? Vitabu vingi vya fasihi simulizi vinasema fanani wa majigambo hujisifu waziwazi kwa nafsi ya kwanza. Huyu amejishusha. Hata hivyo, dhima ya tungo yake ni kumkweza. Sisi tunaiona kuwa ni majigambo yaliyovaa nguo za kuazima, na tunadhani fasili za vitabuni zinafaa kupanuliwa kidogo ili zimpe mahali.

Afande anapochekwa

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda. Mchezaji amejiita Afande. Kauli yake: "Lala chini. Mikono juu." Hesabu: ameshinda 20, ameshindwa 31.

Majibu ya wenzake:

"Afande, tulale chini au tuinue mikono? Amua moja."

"Afande, risasi zimekwisha au umeziuza?"

"Afande, kituo kimefungwa. Rudi nyumbani, mama amepika."

Neno afande limetoka mbali. Asili yake ni Kituruki, efendi, likapita kwa askari wa Misri na Sudan hadi katika majeshi ya wakoloni, na leo kila Mganda, ajue Kiswahili au asikijue, analijua. Hulitumia kumwita askari polisi au mwanajeshi. Hapo ndipo lilipo tatizo kongwe la somo letu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilisikika kwanza kikiwa lugha ya amri. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kikawa lugha ya jeshi la nchi huru, na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa alikitangaza kwa amri. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri liliidhinisha tena suala hilo Julai 2022. Pamoja na hayo, mwanafunzi mpya anapoingia darasani kwetu mara nyingi maneno aliyonayo tayari ni yale ya kumsimamisha mtu, kumkalisha na kumfukuza.

Mchezaji anayejiita Afande anajua hilo. Ameazima hofu ya neno ili mpinzani atetemeke kabla ya mechi. Na kauli yake fupi, yenye vitenzi vya kuamrisha, inaiga sauti ya kituo cha polisi barabara. Tunavutiwa zaidi na majibu. Mtani wa kwanza ameshika amri mbili na kuonyesha kwamba hazitimiziki kwa urahisi kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi ya mhakiki wa lugha. Amesoma sentensi ya mwenye nguvu na kukuta haijakaa sawa. Mtani wa tatu amemvua Afande sare, akamrudisha kwa mama yake akale. Hakuna tusi hata moja, na hofu yote imeyeyuka.

Tunaamini hapa pana jambo kubwa kwa Kiswahili katika nchi yetu. Lugha ambayo watu waliiogopa haigeuki kuwa yao kwa tangazo la serikali, ingawa matangazo ni muhimu, wala kwa maadhimisho ya tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ambayo sisi wenyewe huiadhimisha kwa furaha. Hugeuka kuwa yao wanapoweza kuifanyia mzaha na kuifanya iwafanyie mzaha. Kijana wa Bugembe au Namakwekwe anayemwambia Afande kwamba mama amepika ametumia Kiswahili kupunguza nguvu ya Kiswahili cha amri. Hakuna kitabu cha sarufi kilichomfundisha hivyo, na sisi hatuna budi kumpa alama.

Mpaka kati ya utani na tusi

Sasa tufike kwenye swali gumu. Wazazi na viongozi wengi wanalalamika kwamba maneno ya wachezaji ni matusi matupu, na hawasemi uongo. Yapo matusi, tena mengi. Tutayatofautishaje na utani?

Jadi yetu ya utani ina jibu lake. Ruhusa ya kutania hutokana na uhusiano. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu humwita babu mzee asiye na meno. Wote hucheka kwa sababu kila mmoja anajua nafasi yake. Makabila yenye utani, kama Wahehe na Wangoni huko Tanzania, hutaniana hata msibani, na hakuna anayenuna. Wachezaji wa gemu hawana ukoo wala historia ya namna hiyo. Huenda mmoja yuko Jinja na mwingine hajulikani aliko. Kwa hiyo ruhusa lazima itoke mahali pengine, na sisi tunaona kwamba inatoka katika jina. Mtu anapojiita Simba ametangaza kuwa yuko tayari kuulizwa habari za usimba wake. Jina ni mlango alioufungua mwenyewe. Anayepitia mlango huo ni mtani. Anayevunja dirisha na kumshika mtu kwa kabila lake, mwili wake, dini yake au umaskini wa kwao ni mtukanaji, hata akiandika kicheko mwishoni.

Kipimo hiki tukipime kwa mfano halisi. Kenya ina mchezaji mashuhuri wa gemu ya Tekken, Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ambaye aliwahi kusajiliwa na timu ya nje ya nchi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili jina hilo linaunganisha malkia na mshale, yaani cheo na silaha. Tuseme mchezaji mwenye jina la namna hiyo ameshindwa mechi. Anayemuuliza, "Malkia, kiti cha enzi nani amekikalia?" amelijibu jina. Anayemuuliza kama mishale ilibaki nyumbani amelijibu jina. Anayemwambia arudi jikoni hakumjibu malkia wala mshale; amemrukia mwanamke aliyeshika mashine. Kwa mtazamo wa maadili amekosa, na kwa mtazamo wa fasihi ameshindwa pia, kwa sababu sentensi yake ingeweza kuambiwa mwanamke yeyote, mahali popote, na kwa hiyo haina ubunifu wowote. Tusi mara nyingi ni kazi ya mtu mvivu.

Vipi basi kama jina lenyewe limebeba kabila, kwa mfano mtu amejiita Mgisu Halisi? Hapa mlango na dirisha vimekaribiana mno. Tunapendekeza kipimo cha pili: je, anayetania naye ana jina linaloweza kujibiwa? Katika vibanda vingi vya gemu anayeshindwa huachia kiti, na aliyecheka zaidi husukumwa akakae yeye. Mdomo wake unapimwa papo hapo. Kwenye intaneti mtu anaweza kuingia bila jina la maana wala hesabu ya mechi, akatupa neno, akatoweka. Huyo hana cha kupoteza. Mtani wa kweli hujiweka katika hatari ya kutaniwa.

Fasihi ya Kiswahili inalijua jambo hili tangu karne mbili zilizopita. Mnamo mwaka 1812 au 1813, wakati wa uhasama uliofikia vita vya Shela, ambavyo huitwa pia vita vya Kuduhu, washairi wa Mombasa na Lamu walitambiana kwa mashairi yaliyovuka bahari. Muyaka bin Haji alisemea Mombasa na Zahidi Mngumi alisemea Lamu. Hawakuonana uso kwa uso walipotunga, kama wasivyoonana wachezaji wetu, lakini kila mmoja alijulikana, na kila shairi lilingojea jibu. Baadaye, katika magazeti ya Tanganyika na Tanzania, washairi walilumbana kwa miaka mingi wakitumia lakabu zao. Amiri Andanenga alifahamika kwa lakabu ya Sauti ya Kiza. Lakabu haikuwa kificho. Ilikuwa anwani ya kupelekea jibu.

Sheria nayo imejaribu kuuchora mpaka huu. Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilikuwa na kifungu cha 25 kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa la jinai. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta, kwani maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba mwananchi asingeweza kujua ni lipi kosa na ni lipi si kosa. Sisi si wanasheria. Lakini tunaona funzo: neno "kuudhi" peke yake halitoshi, kwa sababu utani mzuri pia huudhi kidogo. Simba wa Walukuba hakufurahi alipoambiwa anakula nyasi. Inabidi kuuliza kilichojibiwa ni nini, na nani amejibu.

Udhaifu wa tungo hizi

Mhakiki asiyeona kasoro si mhakiki, bali ni mshangiliaji. Tungo hizi zina udhaifu wake. Kwanza, wachezaji wengi hujiita kwa majina ya wanasoka maarufu wa Ulaya na Amerika Kusini. Jina la kuazima lote kwa lote halina mlango; mtani hawezi kusema neno ambalo halijasemwa tayari kuhusu mwanasoka mwenyewe. Afadhali simba mwembamba wa Namatala kuliko nyota wa kuazima. Pili, majibu mengi huishia kwenye vicheko na vifupisho visivyo na sitiari yoyote. Kicheko kinaonyesha kwamba mtu amefurahi, lakini hakituonyeshi alichokiona. Tatu, utani hurudiwa. Swali la nyasi linachekesha mara ya kwanza, na mara ya kumi ni nyasi tu.

Kuna wenzetu watakaoongeza kasoro ya nne, kwamba lugha imechanganywa mno: Luganda, Lusoga, Lugisu, Kiingereza na Kiswahili katika mstari mmoja, tena bila upatanisho wa kisarufi. Ni kweli, na hatupendekezi mwanafunzi aandike insha ya mtihani namna hiyo. Ila tunaomba tuangalie neno la Kiswahili limewekwa wapi katika mstari huo. Likiwekwa mwishoni, pale kicheko kinapotokea, ina maana mtumiaji ameliamini neno hilo kubeba uzito wa mzaha. Huo ni ujuzi, ingawa sarufi bado inahitaji kurekebishwa. Kazi ya kurekebisha ni yetu, na ni rahisi zaidi kumrekebisha anayecheka kuliko aliyenyamaza kwa woga.

Mapendekezo kwa darasa

Tunawapendekezea walimu zoezi lifuatalo katika wiki ya majigambo na utani. Kila mwanafunzi ajitungie jina la mchezaji kwa Kiswahili na kauli moja ya kujitamba isiyozidi maneno kumi. Mwalimu ampe hesabu ya mechi, nzuri au mbaya, bila kumshauri. Kisha wenzake watatu waandike majibu. Darasa lisahihishe kwa kuuliza maswali manne: Je, jibu limeingia ndani ya sitiari ya jina? Je, limeongeza kitu ambacho mwenye jina hakukifikiria? Je, lingeweza kuambiwa mtu mwingine yeyote? Na je, aliyejibu yuko tayari kujibiwa?

Jibu ambalo lingeweza kuambiwa mtu yeyote lipewe sifuri. Jibu lililomgusa mtu nje ya jina lake lipewe sifuri pia, na lijadiliwe kwa upole, maana mara nyingi mwandishi wake hakujua kuwa amevuka mpaka. Zoezi hili halihitaji kompyuta wala umeme. Ubao na chaki vinatosha, na vyuo vyetu vyote vina ubao.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba jina la mchezaji wa gemu, kauli yake na majibu ya wenzake ni tungo moja yenye watunzi wengi, na kwamba thamani yake hupimwa kwa jinsi majibu yanavyolishughulikia jina. Tumeonyesha pia kwamba katika nchi ambayo Kiswahili kimebeba kivuli cha amri, kicheko cha vijana kina kazi ambayo sera haiwezi kuifanya peke yake. Wapo watakaotupinga, hususan juu ya kipimo chetu cha jina na mtu, na tunawaomba waandike katika toleo lijalo la jarida hili. Waweke majina yao chini, ili nasi tupate pa kupelekea jibu.